Anayelalamika ni Nani?

Ukurasa ni mweupe, maandishi ni meusi, na kichwa chake anakijua kila aliyewahi kupandisha skripti ya Perl kwenye seva: Internal Server Error. Chini yake Apache inasema imepatwa na tatizo, inamtaka msomaji amjulishe msimamizi, kisha inamalizia kwa sentensi ambayo wanagenzi wengi hawaifikii, kwamba huenda maelezo zaidi yapo kwenye logi ya hitilafu. Fundi mzoefu huanza na sentensi hiyo ya mwisho. Mwanagenzi yeye hurudi mbio kwenye skripti yake. Anabadilisha mstari huu, anafuta ule, anaongeza mabano pasipo na haja ya mabano, na muda si muda ana hitilafu tatu pale alipokuwa na moja.

Ninaowasifu hapa ni mafundi wa kazi hiyo moja tu: kumsaidia mtu aliyeanza Perl juzi ajue kwa nini ukurasa wake haufunguki. Kazi hii haina cheo wala shahada. Anayeandika programu kubwa husifiwa, lakini anayegundua kwamba mwanafunzi amesahau nukta mkato hatajwi popote. Hata hivyo, mtazame anayeiweza akiwa kazini. Hagusi kibodi mpaka ajue anayelalamika ni nani.

Maana wanaoweza kulalamika ni wengi. Utaratibu wa CGI ulianzia mwaka 1993 kwenye seva ya NCSA, kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Illinois kule Urbana-Champaign, na usahili wake ndio uliousambaza. Kivinjari kinaomba anwani fulani. Seva inaona kwamba anwani hiyo ni ya programu, si ya ukurasa uliokwisha kuandikwa, basi inauomba mfumo endeshi uianzishe programu hiyo. Maelezo ya ombi yanawekwa kwenye vigeu vya mazingira, kama REQUEST_METHOD na QUERY_STRING, na yaliyojazwa kwenye fomu ya POST yanaingizwa kama vile mtu anayachapa kwenye kibodi. Chochote programu inachochapisha ndicho kinachorudi kwa msomaji. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini katika safari hiyo fupi ombi limepita kwa seva, kwa mfumo endeshi, kwa Perl, mpaka kwa skripti yenyewe, na kila mmoja analalamika kwa namna yake. Ufundi wote uko katika kuzitofautisha sauti hizo.

Seva ndiyo rahisi kuitambua. Ikisema 404, haikuliona faili, au haikuambiwa kwamba folda ile ni ya skripti. Ikisema 403, imeliona lakini imekataa kuliendesha, na mara nyingi logi hueleza kwamba folda haikupewa idhini ya ExecCGI. Dalili ninayoipenda zaidi ni ile ya kivinjari kuonyesha msimbo wenyewe, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanagenzi huona aibu, anadhani Perl imemkataa, kumbe Perl haijaitwa bado. Seva imelichukua faili kama maandishi ya kawaida na kulituma lilivyo. Anayehangaika na msimbo wakati huo anapoteza muda, kwa kuwa kilichokosewa kiko kwenye mpangilio wa seva. Kwenye Ubuntu na Debian, kwa mfano, moduli ya CGI ya Apache haijawashwa tangu mwanzo; lazima mtu aiwashe kwa amri ya a2enmod.

Sauti ya mfumo endeshi ndiyo inayowapoteza watu, na hapo ndipo fundi anapong'ara.

Tuseme faili linaitwa fomu.cgi. Lipo, mwanafunzi analiona, ruhusa zake ni 755. Logi inasema: No such file or directory. Mwanafunzi anaapa kwamba faili lipo, na kweli lipo. Anaandika perl fomu.cgi kwenye teminali na ukurasa mzima wa HTML unamwagika bila kasoro. Anakata shauri kwamba seva ni mbovu. Fundi anamwomba jambo moja dogo: aendeshe tena, safari hii kwa kuandika ./fomu.cgi. Hapo inagoma hata kwenye teminali, kwa lalamiko la bad interpreter, na katika lalamiko hilo, baada ya /usr/bin/perl, kuna alama mbili ambazo hakuna aliyeziandika: ^M.

Mambo yamekwisha kufichuka, lakini tuyafuate polepole. Unapoandika perl fomu.cgi, wewe mwenyewe umeiita Perl na kuikabidhi faili. Unapoandika ./fomu.cgi, unauachia mfumo endeshi usome mstari wa kwanza, ule wa #!/usr/bin/perl, uamue nani wa kuitwa. Seva hufanya hili la pili. Na kama faili liliandikwa kwenye Windows, kila mstari unaishia kwa herufi mbili zisizoonekana, si moja: ya kurudi mwanzo wa mstari, kisha ya kushuka mstari unaofuata. Ni urithi wa mashine za kuchapa za simu za maandishi, ambazo kichwa chake kilihitaji amri moja ya kurudi kushoto na karatasi ikahitaji nyingine ya kusogea juu. Unix ilibaki na moja tu, DOS ikazirithi zote mbili. Perl inaivumilia herufi ya ziada na kuihesabu kama nafasi tupu. Mfumo endeshi hauvumilii: unatafuta programu ambayo jina lake linaishia kwa herufi hiyo, na programu hiyo kweli haipo. Kwa hiyo ujumbe ule haukudanganya hata neno moja. Faili lisilokuwepo si fomu.cgi, ni lile lililotajwa kwenye mstari wake wa kwanza.

Wakati wa FTP kosa hili lilikuwa chakula cha kila siku, kwa kuwa kupandisha skripti katika hali ya maandishi kulizibadilisha herufi hizo, na kuipandisha katika hali ya bainari kuliziacha. Siku hizi linatokea kwa njia nyingine, lakini uchunguzi ni uleule: cat -A itaonyesha ^M mwisho wa kila mstari, na amri ya file itataja CRLF. Dawa inaweza kutoka kwa Perl yenyewe, perl -pi -e 's/\r//' fomu.cgi, na sijui kama kuna lugha nyingine inayojitibu kwa maneno machache hivyo. Ndugu wa kosa hili ni alama ya BOM, baiti tatu ambazo Notepad ya zamani ilikuwa ikizipachika mwanzoni mwa faili la UTF-8. Mfumo endeshi unatarajia baiti mbili za kwanza ziwe #!, ukikuta nyingine unasema Exec format error. Huwezi kuziona kwa macho. Fundi hazioni pia. Anajua tu kwamba sauti ile si ya Perl, basi haangalii msimbo wa Perl.

Perl ikianza kusema, mazungumzo yanabadilika, kwa sababu Perl ni mzungumzaji. Aliyeiunda, Larry Wall, alisomea isimu. Yeye na mkewe walikuwa na mpango wa kutafuta lugha isiyoandikwa, huenda hapa Afrika, na kuitungia maandishi. Afya ikawazuia, akabaki Marekani akifanya kazi za kompyuta, na toleo la kwanza la Perl likatoka Desemba 18, 1987. Labda ndiyo maana ujumbe wa hitilafu wa Perl hujaribu kukisia ulitaka kusema nini. Ukisahau kufunga alama za mtajo katika mstari wa 9, italalamika kuhusu mstari wa 14, lakini itaongeza kwamba huenda ni maandishi yaliyokimbia tangu mstari wa 9. Ukiandika anwani ya barua pepe ndani ya alama hizo bila kuikinga alama ya @, itakuonya kwamba huenda hukukusudia kutaja safu yenye jina hilo. Mwanagenzi husoma namba ya mstari pekee. Fundi husoma sentensi nzima, kisha hupandisha macho mstari mmoja juu, maana nukta mkato iliyosahaulika hulalamikiwa kwenye mstari unaofuata: Perl haikuwa na sababu ya kushuku mpaka ilipokutana na neno lisilotarajiwa.

Ndiyo maana kabla ya kwenda kwenye kivinjari huamuru perl -c fomu.cgi. Ikijibu syntax OK, lugha imeridhika na sarufi. Halafu atauliza kama use strict na use warnings zipo juu ya skripti. Wapo wanaoona kuuliza hivyo ni ukali wa mwalimu wa zamani. Siwaungi mkono. Mistari hiyo miwili hugundua majina yaliyokosewa herufi na maneno yaliyolinganishwa kama namba, na hufanya hivyo kabla binadamu yeyote hajapoteza muda wake.

Sasa skripti inaendeshwa na bado ukurasa ni ule mweupe. Logi inasema Premature end of script headers, Apache 2.4 imebadilisha maneno lakini inamaanisha hilohilo. Seva ilitarajia kwanza vichwa vya jibu, angalau kile cha Content-type, kisha mstari mtupu, ndipo ukurasa wenyewe, na programu ikafa kabla ya kuvitoa. Katika Perl mstari huo mtupu unaandikwa \n\n, na una mitego yake. Wako wanaoandika \n moja. Wako wanaotumia alama moja ya mtajo badala ya mbili, na Perl, ambayo ndani ya alama moja karibu haitafsiri chochote, inatuma mkwaju na herufi n kama zilivyo. Hapo seva inalalamikia kichwa kisichoeleweka, na kwa wema wake inanukuu herufi za mwanzo za mstari ulioikera. Ukiona <html> imenukuliwa pale, huna haja ya kuuliza zaidi: mstari mtupu haukufika.

Kuna mtego mmoja uliowahi kuwatesa hata wazoefu. Skripti ilichapisha kichwa, kisha ikaita programu nyingine kwa system, tuseme ya kuonyesha tarehe. Kwenye teminali kila kitu kilitoka kwa mpangilio. Kupitia seva, tarehe ilitangulia na kichwa kikafuata, seva ikakataa. Sababu ni kwamba Perl ikijua inaandika kwenye teminali hutoa mstari baada ya mstari, lakini ikiandika kwenye bomba hukusanya maneno kwanza ili iyatoe kwa mkupuo, na programu iliyoitwa haikusubiri mkupuo huo. Mafundi waligundua kwamba huna haja ya seva ili kuliona tatizo: ./fomu.cgi | cat ilitosha kulitoa hadharani palepale. Dawa ilikuwa $| = 1. Toleo la 5.6 la mwaka 2000 lilipotoka, Perl yenyewe ikaanza kumwaga ilichokusanya kabla ya kuita programu nyingine, na kosa hilo likatoweka kwenye meza za wanagenzi. Sijui sifa kubwa zaidi ya fundi kuliko hiyo, kosa alilolieleza mara nyingi likaisha kwa chombo kubadilishwa.

Mbinu inayonivutia kuliko zote ni ya kugawa safari vipande viwili. Fundi redio akiletewa redio bubu hugusa kwa bisibisi kwenye amplifaya. Spika ikinguruma, anajua kuanzia hapo hadi kwenye spika ni pazima, anarudi hatua moja nyuma. Mtu wa CGI naye ana bisibisi yake, nayo ni skripti ya mistari mitatu:

#!/usr/bin/perl
print "Content-type: text/html\n\n";
print "Habari\n";

Anaiweka kwenye folda ileile, kwa ruhusa zilezile, anaiita kwa kivinjari. Ikisema Habari, basi seva, mfumo endeshi na Perl wote wameondolewa lawamani, na msimbo wa mwanafunzi ndio utakaochunguzwa. Isiposema, mistari mia nne ya mwanafunzi haina hatia bado, na ni uonevu kuigusa. Uamuzi huo huchukua dakika moja. Nimeshaona watu wakiandika upya skripti nzima kwa sababu hawakuichukua dakika hiyo.

Skripti yenyewe ndiyo mlalamikaji wa mwisho, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi hunyamaza. Kitabu cha wageni kinafungua faili la wageni.txt, mgeni anaandika jina, ukurasa unamshukuru, jina halionekani tena. Hakuna hitilafu kwenye logi. Kumbe open ilishindwa na hakuna aliyeiuliza. Kwa hiyo fundi anaongeza maneno: or die "Siwezi kufungua wageni.txt: $!". Kigeu hicho cha ajabu, $!, kinabeba sababu iliyotolewa na mfumo endeshi, na sababu zinatofautiana kwa maana. No such file or directory inaonyesha kwamba skripti inatafuta mahali pengine, pengine kwa kuwa seva imeianzisha katika folda tofauti na ile aliyozoea mwandishi. Permission denied inaonyesha kwamba mahali ni sahihi lakini mtu ni mwingine: kwenye teminali skripti iliendeshwa kwa jina la mwanafunzi, kwenye seva inaendeshwa kwa jina la www-data au apache, mtumiaji asiye na haki karibu yoyote. Ukiiendesha kwa sudo -u www-data ./fomu.cgi, utaona anachokiona yeye.

Hapa ndipo mwanagenzi huchomoa chmod 777. Anadhani akiwafungulia wote, kila kitu kitapita. Kwenye seva zinazotumia suEXEC kinyume chake hutokea: skripti ambayo kundi au watu wengine wana ruhusa ya kuiandika haiendeshwi kabisa, na sababu inaandikwa kwenye logi ya peke yake ambayo hakumbuki kuifungua. Kadiri anavyolegeza ndivyo seva inavyokaza, na seva ndiyo yenye haki. Hata CGI::Carp, ambayo kwa fatalsToBrowser huonyesha hitilafu moja kwa moja kwenye kivinjari na kumwokoa asiyeruhusiwa kusoma logi, fundi makini huiondoa kazi ikiisha, kwa sababu ujumbe ule humwonyesha mpita njia majina ya folda za ndani.

Ufundi huu uliwahi kufanywa pia kwa jumla, si kwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1995 Matt Wright, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari huko Colorado, alitoa FormMail, skripti ya kutuma yaliyojazwa kwenye fomu kwa barua pepe. Ilienea kote kwa sababu anayeanza aliweza kuiweka mwenyewe, na matapeli wa barua taka wakaipenda kwa sababu iliweza kutuma barua popote. Wangeweza mafundi wa Perl kuishia kuicheka. Mwaka 2001 kundi la wapenzi wa Perl wa London likaanza mradi wa nms, likaziandika upya skripti za Wright zikiwa salama, na kwa makusudi likaziacha na mpangilio uleule ili mwanagenzi abadilishe faili tu bila kujifunza lolote jipya. Wright mwenyewe baadaye akawaelekeza watu huko. Kazi safi.

Kuna atakayesema haya yote yamepitwa na wakati. Kweli, moduli ya CGI.pm, aliyoiandika mwanabiolojia Lincoln Stein, iliondolewa kwenye kifurushi cha Perl katika toleo la 5.22 la mwaka 2015, na tangu 5.26 ya mwaka 2017 Perl haitafuti tena maktaba kwenye folda ambamo inaendeshwa. Skripti ya zamani ikihamishiwa seva mpya hufa kwa mojawapo ya sababu hizo, ikisema Can't locate, na siku hizi Perl huongeza pendekezo la moduli ya kusakinisha. Lakini maktaba za vyuo vikuu kadhaa vya Kenya, Tanzania na Uganda zinaendesha orodha za vitabu vyao kwa Koha, mfumo ulioanzia New Zealand na ulioandikwa kwa Perl. Mkutubi anapokuta ukurasa wa Software error asubuhi ya mitihani, anayehitajika ni mtu atakayefungua logi zilizo ndani ya /var/log/koha na kusoma sentensi nzima.

Anayetaka kuanza kujifunza ana mwalimu karibu. Ukurasa wa perldiag unaeleza ujumbe wa Perl mmoja baada ya mwingine, na ukiandika use diagnostics juu ya skripti, maelezo hayo hujitokeza yenyewe chini ya kila lalamiko. Kwenye Debian na Ubuntu amri ya perldoc, ya kuufungua ukurasa huo, haifanyi kazi kwa Perl pekee. Sakinisha kifurushi cha perl-doc mapema, kabla bando halijaisha.